Mambo yakiharibika kazini, bosi wako humtaja nani kwanza?

Mwanzoni mwa mwaka 1977, Ali Hassan Mwinyi aliacha uwaziri wa Mambo ya Ndani kwa kosa ambalo hakulifanya kwa mkono wake.

Watu waliokamatwa Mwanza na Shinyanga, katika msako wa mauaji yaliyohusishwa na imani za kichawi, walikuwa wameteswa. Baadhi yao walifia mikononi mwa vyombo vya dola. Mwinyi hakuwa kwenye vyumba vile vya mahojiano. Lakini polisi walikuwa chini ya wizara yake, hivyo akajiuzulu.

Hatua hiyo haikumrudisha marehemu hata mmoja. Ila mpaka leo, kashfa ikiibuka Tanzania na hakuna mkubwa anayetaka kuibeba, watu huuliza mbona Mzee Mwinyi aliweza. Wala hakupotea: alitumwa Misri kuwa balozi, Januari 1984 akashika urais wa Zanzibar, na mwaka 1985 akampokea kijiti Mwalimu Nyerere, bosi yule yule aliyekuwa juu yake alipojiuzulu.

Sasa acha siasa, rudi ofisini kwako.

Mhasibu amelipa ankara moja mara mbili. Mteja amepiga simu, amewaka. Mkurugenzi anataka maelezo kabla ya saa sita. Meneja ana njia mbili: kusema "idara yangu imekosea, tunalirekebisha", au kumtaja yule dada wa uhasibu kwa jina, tena kwenye grupu la WhatsApp la ofisi ambako hata mlinzi yumo.

Dakika hiyo moja huwafundisha wafanyakazi mengi kuliko semina ya uongozi ya siku tatu pale hotelini. Vyeti vya bosi wanavijua, Kiingereza chake wamekisikia. Wasichokijua ni kama atawatoa kafara.

Na wakishajua, wanabadilika. Hapa ndipo tabia ya mtu mmoja inapogeuka kuwa hasara au faida ya kampuni nzima.

Utafiti uliomshangaza mwenyewe

Miaka ya 1990, Amy Edmondson, mtafiti ambaye baadaye alikuwa profesa wa Harvard, alichunguza makosa ya utoaji dawa katika wodi za hospitali nchini Marekani. Alitarajia kitu ambacho yeyote angetarajia: wodi zenye uongozi mzuri zitakuwa na makosa machache.

Namba zikamjia kinyume. Wodi zenye viongozi wazuri ndizo zilizoonekana kuwa na makosa mengi zaidi.

Je, viongozi wazuri huzalisha wazembe? Hapana. Maelezo aliyoyafikia, katika makala aliyoichapisha mwaka 1996, ni kwamba katika wodi hizo wauguzi walikuwa tayari kusema wamekosea. Kwingine makosa yalikuwepo, ila yalifichwa. Muuguzi anayejua atafokewa mbele ya wagonjwa hana haraka ya kusema kwamba dozi ilizidi.

Kwa hiyo bosi anayejisifu kwamba kwake hakuna matatizo anapaswa kujiuliza kidogo. Huenda kweli hayapo. Huenda pia yapo, na yeye ndiye mtu wa mwisho kuambiwa.

Bosi asipotaka kusikia

Usiku wa Januari 27, 1986, wahandisi wa kampuni ya Morton Thiokol, iliyotengeneza roketi za kusukuma chombo cha anga Challenger, walishauri kisirushwe kesho yake. Baridi ilikuwa kali, na walihofia mipira ya kuziba maungio ya roketi isingefanya kazi sawasawa. NASA walisukuma, mameneja wa kampuni wakageuza uamuzi, na chombo kikarushwa. Sekunde 73 baadaye kilisambaratika angani. Watu wote 7 waliokuwemo walikufa.

Mkuu mmoja wa mradi huo, Allan McDonald, alikuwa amegoma kuweka saini yake kwenye karatasi ya kuruhusu urushaji. Baadaye aliieleza tume ya uchunguzi kilichotokea, na kampuni ikamshusha cheo. Wabunge wa Marekani walipokuja juu, akarudishwa.

Kilichokosekana usiku ule hakikuwa elimu, maana chumba kilijaa wataalamu. Hitilafu ilikuwa imetajwa wazi. Kilichokosekana ni mkubwa wa kuvumilia aibu ya kuahirisha.

Upole peke yake hautoshi

Kuna kosa la upande wa pili, nalo ofisi zetu zinalijua vizuri. Ni yule bosi "mtu wa watu": hagombi, anachangia kila harusi na kila msiba, lakini hamuulizi mtu chochote. Anayechelewa kila siku anachekewa, na kazi yake inaangukia kwa wachapakazi wawili watatu ambao mwisho wanachoka na kuondoka.

Huo si uadilifu, ni kukwepa ugomvi. Kubeba lawama mbele ya wakubwa hakumzuii meneja kumwita mhusika ndani, akafunga mlango, wakaangalia kosa lilianzia wapi. Pengine mfumo wa malipo unaruhusu ankara moja kuingia mara mbili, na angekuwa mtu mwingine yeyote naye angekosea. Pengine ni uzembe kweli, na ni mara ya tatu. Hapo barua ya onyo ni haki yake.

Tofauti iko kwenye mpangilio. Nje, bosi anasimama mbele. Ndani, ukweli unasemwa bila kuuma maneno.

Ukienda kwenye usaili

Tabia hii haionekani kwenye tangazo la kazi, kwa sababu kila kampuni huandika kwamba inathamini uwazi. Mwishoni mwa usaili, ukiulizwa kama una swali, uliza jambo la mwisho lililoharibika kwenye timu hiyo lilikuwa lipi, na walilimalizaje. Kisha hesabu bosi anasema "tulikosea" mara ngapi, na anasema "kuna kijana mmoja hapa" mara ngapi.