Dakika 30 Chini ya Maji: Siku ya Mpiga Mbizi Anayerekodi Filamu Wasini

Watalii wanaoshuka katika gati la Shimoni kuelekea hifadhi ya Kisite huwaona wapiga mbizi wakipakia mitungi na kamera mashuani, na wengi hudhani hao nao wako matembezini. Wakazi wengi wa Kwale pia hudhani hivyo. Ukweli ni kwamba mtu anayerekodi filamu chini ya bahari hutumia siku nzima kujiandaa kwa muda mfupi sana. Anapofanya kazi kwenye kina cha mita 20, mtungi mmoja humpa takriban dakika 30. Makala haya yanaeleza muda huo hupatikanaje, unatumiwa kwa kazi gani, na kwa nini kazi yenyewe inamhusu hata mkazi asiyewahi kuzama baharini.

Siku huanza na maji, si kamera

Saa kumi na mbili asubuhi mpiga mbizi wa Wasini huwa ameshazungumza na nahodha. Swali la kwanza ni mwezi. Siku za bamvua, maji hujaa na kupwa kwa nguvu na mkondo wa mlango wa bahari kati ya Shimoni na Wasini huwa mkali. Siku za maji mafu, mkondo hutulia. Hata katika siku nzuri, wakati bora ni ule maji yamejaa na kusimama, kwa sababu maji safi ya bahari kuu huwa yameingia na hayajaanza kurudi na tope na mchanga wa pwani.

Swali la pili ni upepo. Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, bahari huwa tulivu na mtu huona mbali chini ya maji. Matlai ya Oktoba na Novemba nayo ni mazuri. Kusi likivuma, kuanzia Aprili, mawimbi huchafua maji na safari nyingi huahirishwa. Hapo ndipo vifaa hutengenezwa na filamu huhaririwa. Lakini nyangumi wa nundu wanaokuja kutoka bahari ya kusini kuzalia katika maji yenye joto hupita pwani yetu kati ya Julai na Septemba, katikati ya msimu huohuo wa kusi. Anayetaka picha zao lazima asubiri siku chache za utulivu.

Wasini hakuna magari, kwa hivyo mitungi, kila mmoja wa kilo 15 hivi, hubebwa hadi ufuoni. Kamera huwekwa ndani ya kasha lisilopitisha maji. Usalama wa kasha hilo unategemea ringi nyembamba ya mpira, na unywele mmoja au punje ya mchanga ikikaa juu ya ringi, maji huingia na kamera ikaharibika. Ndiyo maana wazoefu hulizamisha kwanza kasha tupu ndani ya beseni na kulitazama kama linatoa mapovu.

Hesabu ya hewa

Mtungi wa kawaida una ujazo wa lita 12. Ukijazwa kwa kompresa hadi bar 200, hubeba hewa ya lita 2,400. Mtu mtulivu hutumia karibu lita 20 kwa dakika akiwa juu ya maji. Lakini kila mita 10 za kina huongeza kanieneo kwa kiasi sawa na uzito wa hewa yote iliyo juu yetu. Katika mita 20, kanieneo ni mara tatu ya ile ya juu, na hewa hutumika mara tatu: lita 60 kwa dakika. Robo ya mtungi haiguswi, ni akiba ya kupandia na ya dharura. Zinabaki lita 1,800. Zigawanye kwa 60, unapata dakika 30.

Anayehangaika, anayepambana na mkondo au anayemfukuza samaki hutumia hewa nyingi zaidi. Kwa hivyo mpiga filamu hujifunza kutulia kabla ya kujifunza kamera. Hazami peke yake. Mwenzake huangalia saa, kina na kipimo cha mtungi, kwa maana mtu aliyeweka jicho kwenye kamera husahau haraka.

Onyo kwa wavuvi

Wavuvi wa pweza wa pwani yetu wamezama tangu enzi za mababu kwa kushikilia pumzi. Hewa anayoshuka nayo mvuvi huyo ndiyo anayopanda nayo, kwa hivyo mapafu yake hurudi tu katika hali yake ya awali. Mtungi ni jambo jingine kabisa. Hewa iliyovutwa katika kina cha mita 10 hutanuka mara mbili kabla ya kufika juu. Mtu akiivuta na kupanda huku amefunga pumzi, mapafu yanaweza kupasuka, naye akafa hata kama alizama kwa dakika mbili tu. Kwa sababu hiyo, mvuvi hodari asiazime mtungi kwenda kutegua nanga au wavu ulionasa kama hajapata mafunzo.

Hatari ya pili ni naitrojeni. Gesi hii huyeyuka katika damu mtu anapokaa kwenye kina. Akipanda kwa kasi, hugeuka mapovu mwilini. Mpiga mbizi hupanda polepole, si zaidi ya mita 9 kwa dakika, kisha husimama dakika tatu katika kina cha mita 5 kabla ya kutoka. Aliyezama zaidi ya mara moja kwa siku hushauriwa kukaa saa 18 kabla ya kupanda ndege, hata ile fupi ya kutoka Ukunda. Maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu au uchovu usio wa kawaida baada ya kuzama ni dalili za kutopuuzwa. Mgonjwa alazwe, apewe oksijeni kama ipo na apelekwe hospitali mara moja. Kukanda viungo hakusaidii, na kumrudisha majini ni kumhatarisha.

Kinachorekodiwa

Hifadhi ya Kisite-Mpunguti ilianzishwa miaka ya 1970 na inasimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori nchini, KWS. Ina sehemu mbili. Mbuga ya Kisite, kilomita 28 za mraba, hairuhusu uvuvi wowote. Hifadhi ya Mpunguti, kilomita 11 za mraba, inaruhusu uvuvi wa kienyeji. Huko kuna pono, changu, taa, mikunga, kasa na makundi ya pomboo.

Chini ya maji, rangi nyekundu hupotea katika mita chache za kwanza, na damu ya kidole kilichochanwa huonekana ya kijani. Mpiga filamu hubeba taa na husogea karibu, mara nyingi chini ya mita moja kutoka kwa anachopiga. Hapo ndipo anapoweza kuharibu. Tumbawe la aina ya mwamba hukua karibu sentimita moja kwa mwaka, hivyo pigo moja la pezi la mguuni linaweza kuvunja kazi ya miaka mingi. Anayestahili kuitwa mpiga filamu huelea bila kugusa kitu, huku akisubiri samaki wayazoee mapovu yake na kurudi wenyewe. Pomboo nao hawafukuzwi wala kukatiwa njia. Boti hupunguza mwendo, na wao huamua kama watakaribia.

Picha za pomboo hupendwa na watu, lakini picha zenye faida kubwa kwa wakazi huwa hazina mbwembwe. Ni zile za tumbawe lilelile, kutoka pembe ileile, msimu baada ya msimu. Matumbawe ni wanyama, na ndani ya miili yao huishi mwani mdogo sana unaowapa chakula na rangi. Maji yakipata joto kupita kiasi, kwetu hasa Machi na Aprili, mwani huo hutoka na tumbawe hupauka. Joto likipungua mapema, hupona. Likidumu kwa wiki nyingi, hufa, na samaki waliokaa humo hukosa maficho na chakula. Mwaka wa 1998 joto la El Nino liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani ya Kenya. Mnamo Aprili 2024 wanasayansi walitangaza kwamba dunia imo katika upaukaji mkubwa wa nne.

Aliye juu ya mashua haoni hayo. Anachoona ni madema yakirudi mepesi, na lawama huanza kuzunguka: wa kijiji jirani, wageni, wenye nyavu ndogo. Filamu yenye tarehe, mahali, kina na joto la maji huwapa wavuvi jambo la kujadili lililo mbele ya macho yao. Kikundi cha usimamizi wa ufuo, BMU, cha Wasini, kikishirikiana na Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi nchini, KMFRI, kimekuwa kikirejesha matumbawe na nyasi bahari zilizoharibika. Kazi ya namna hiyo inahitaji picha za kabla na za baada, zionyeshe kilichoshika na kilichokufa.

Jioni

Vifaa vyote huoshwa kwa maji yasiyo na chumvi, la sivyo chumvi huvila. Wasini, kisiwa ambacho kwa miaka mingi kimetegemea maji ya mvua yanayokingwa katika jabia, maji hayo hayamwagwi ovyo. Kamera huoshwa kwanza, kisha beseni hilohilo hutumika kwa miwani, vidhibiti hewa na mapezi. Betri huchajiwa, picha hunakiliwa mahali pawili, na daftari hujazwa. Filamu isiyo na tarehe wala mahali inaweza kuwa nzuri kutazama, lakini haithibitishi lolote.

Ni wachache wanaoishi kwa filamu pekee. Wengi huongoza watalii, hufundisha kuzama au huwapigia picha watafiti, na filamu huwa nyongeza.

Kwa kijana anayetaka kuanza

Kwanza, jua kuogelea vizuri. Pili, mwone daktari, hasa ukiwa na pumu, kifafa, shida ya moyo au ya masikio. Tatu, pata cheti kutoka kwa mkufunzi anayetambulika. Cheti cha kwanza huruhusu kina cha hadi mita 18, na hata mwenye mafunzo ya juu ya uzamiaji wa burudani hapiti mita 40. Nne, zama mara nyingi bila kamera kabla ya kuibeba.

Kurekodi filamu kunahitaji leseni chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222. Ndani ya hifadhi unahitaji pia idhini ya KWS, ambao wana ofisi Shimoni. Ndege isiyo na rubani huhitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Ndege nchini, KCAA.

Kwa mkazi asiyezama, mchango upo pia. Ukiona matumbawe yamegeuka meupe maji yakiwa yamekupwa, usiyaguse. Andika tarehe na mahali, piga picha ukiwa na simu, na upeleke taarifa kwa ofisi ya BMU ya ufuo wako. Wapiga mbizi wana dakika 30 tu kwa mtungi, na taarifa yako itawasaidia kujua pa kuzama.