Je, Wajua? Ganda la Risasi na Chemba Mbovu

Ganda la risasi ya bunduki lina kazi mbili. Kabla ya kupigwa ni chombo: limeshika fataki, baruti na kichwa cha risasi pamoja. Likipigwa hugeuka kizibo. Gesi ya baruti hulitanua likabana kuta za chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa, ili moto usirudi usoni kwa mpigaji. Shinikizo likishuka, ganda hunywea kidogo na kutoka. Shaba ya manjano, ambayo kwa kawaida ni sehemu 70 za shaba na 30 za zinki, inaziweza kazi hizo zote. Lakini ganda lililopigwa hutoka na umbo la chemba ile ile, kasoro zake zikiwemo, na anayetaka kulijaza upya huzirithi.

Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alipomkuta mpelelezi David Livingstone Ujiji mwaka 1871, msafara wake ulibeba silaha za enzi mbili. Bunduki nyingi zilikuwa magumegume, yasiyo na ganda kabisa. Baruti na risasi vilishindiliwa kupitia mdomo wa mtutu. Pamoja nayo zilikuwepo Winchester na Henry, bunduki za risasi kumi na sita. Maganda yake yalikuwa na kilipuzi ndani ya ukingo wa kitako, na ukingo ukishapondwa na nyundo, ganda halina kazi tena. Kujaza upya kulirahisika pale fataki ilipowekwa katikati ya kitako, mahali inapoweza kung'olewa na kuwekwa nyingine.

Vita vya 1914 vilipoanza, askari wengi wa jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki walikuwa na Mauser ya 1871, ya milimita 11. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Force Publique, jeshi la Wabelgiji la Kongo, ilitumia Albini, nayo ya milimita 11. Zote zilikula baruti nyeusi, ambayo shinikizo lake ni dogo na hailitesi ganda. Adui wa ganda hapo ni masizi: hunyonya unyevu na kuila shaba lisipooshwa mapema. Mauser ya 1898, yenye baruti isiyotoa moshi, ilikuwa jambo jingine. Humo shinikizo hufikia takriban mara 3,000 ya lile la hewa ya kawaida, na hapo ndipo chemba mbovu huonekana.

Kasoro mbaya kuliko zote ni nafasi iliyozidi kati ya uso wa bolti na bega la chemba. Risasi ikilipuka, sehemu ya mbele ya ganda hung'ang'ania kuta huku kitako kikisukumwa nyuma kuifuata bolti, na shaba huvutika mahali pamoja, juu kidogo ya kitako. Nje hutokea mstari unaong'aa. Ndani hutokea mfereji, unaoweza kuguswa kwa waya uliopindwa ncha. Ganda jipya huvumilia mara moja au zaidi. Likirudishwa umbo na kujazwa tena, hatimaye hukatika, kipande cha mbele kikabaki chembani na gesi ikatokea nyuma. Chemba pana kupita kiasi huchosha shaba kwa njia nyingine: kila mara ganda hutanuliwa mno kisha hubanwa mno, nalo huwa gumu mpaka lipasuke. Shingo yaweza kulainishwa kwa moto; kitako hakiguswi, kwa kuwa ugumu wake ndio salama ya mpigaji.

Mwambao kama wa Kigoma huongeza kutu. Fataki za zamani ziliacha chembani chumvi ya potasiamu, ndugu wa chumvi iliyokuwa ikichemshwa Uvinza, na chumvi hiyo huvuta maji hewani. Mafuta peke yake hayaiondoi. Huondolewa kwa maji ya moto. Ikiachwa hutoboa vishimo, shaba hubanwa ndani yake, ganda hugoma kutoka, na kulabu ya bolti huunyofoa ukingo wake. Fataki za zebaki zilikuwa na ubaya mwingine, maana zebaki huingia katika shaba na kuifanya iwe rahisi kuvunjika.

Afrika Mashariki iliwahi kuona ufunguaji wa risasi kwa wingi. Aprili 1915 meli ya Rubens, iliyowaletea Wajerumani risasi, ilipigwa na manowari ya Waingereza Hyacinth katika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Risasi zilizoopolewa majini zilifunguliwa na watu wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, baruti ikasafishwa, zikafungwa tena. Nyingi bado hazikulipuka. Kosa halikuwa la maganda, kwa kuwa yalikuwa hayajapita katika chemba yoyote. Maji ya bahari yalikuwa yameharibu baruti na fataki.

Risasi za AK, silaha iliyoenea kwa vita vya Burundi na Kongo, mara nyingi zina ganda la chuma lisilokusudiwa kujazwa tena. Chemba yake imeachiwa nafasi makusudi ili bunduki ifanye kazi hata ikiwa na vumbi, na ganda likiharibika hakuna hasara. Tanzania, silaha na risasi husimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha za Moto na Risasi ya 2015, na kuzitengeneza bila kibali ni kosa la jinai, gobore likiwemo.