Gari la Mashindano Huzaliwa Juu ya Karatasi

Watu wengi walionapo gari la mashindano likipita kwa kishindo, hudhani kwamba chombo kile hakina budi kuwa kimebuniwa na wataalamu wa kiwanda kikubwa chenye fedha zisizohesabika. Mara nyingi ndivyo ilivyo. Lakini historia ya mbio za magari yatuonyesha pia vijana wasiokuwa na kiwanda wala mtaji, waliochora gari lao nyumbani, wakaliunda kwa vyuma vya gari kuukuu na kulipaka rangi waliyoichagua wenyewe. Wengi wao walifanya hivyo kwa kujifurahisha baada ya kazi. Wachache wakafika mbali kuliko walivyotazamia.

Nchini Uingereza, chimbuko la jambo hilo ni gari dogo liitwalo Austin Seven, lililotengenezwa tangu mwaka 1922 hadi 1939. Mwenye kiwanda, Herbert Austin, alitaka gari ambalo familia ya kipato cha kawaida ingeweza kulinunua. Aliyemsaidia kulichora alikuwa kijana wa miaka 18, Stanley Edge, na kazi hiyo waliifanyia nyumbani kwa Austin mwenyewe. Gari lilikuwa jepesi, na injini yake iliyozoeleka ilikuwa ya sentimita za ujazo 747 tu.

Magari hayo yalipozeeka, yaliuzwa kwa bei ya chini. Mwaka 1939 wapenzi wake waliunda chama kiitwacho 750 Motor Club, na baada ya Vita Kuu ya Pili chama hicho kikaanzisha mashindano kwa ajili ya watu wa kipato kidogo. Sharti lake lilikuwa kwamba gari lijengwe kutokana na chasisi na injini ya Austin Seven. Umbo la bodi kila mtu aliachiwa alibuni mwenyewe. Kwa kuwa injini zilikuwa za aina moja, ushindani mkubwa ulikuwa wa akili na mikono.

Miongoni mwao alikuwamo Colin Chapman, mwanafunzi wa uhandisi jijini London, aliyekuwa akiuza magari yaliyokwisha kutumika ili apate fedha. Alichukua Austin Seven kuukuu, akaivua bodi yake, akaiundia nyingine ya plaiwudi na alumini. Karakana yake ilikuwa gereji iliyokuwa nyuma ya nyumba ya wazazi wa mchumba wake, Hazel Williams. Na mwaka 1948 gari hilo lilikuwa tayari. Katika gari lake la tatu, la mwaka 1951, alitambua kwamba silinda za injini ile zilipokea hewa mbili mbili kwa tundu moja, zikinyang'anyana. Akaweka kizuizi ndani ya njia ya hewa ili kila silinda ipate fungu lake. Gari likawashinda wenzake kiasi kwamba kanuni zikabadilishwa ili kuupiga marufuku ujanja huo! Mwaka 1952 Chapman alianzisha kampuni ya Lotus kwa mkopo wa pauni 25 aliopewa na Hazel huyo huyo, na mwaka 1963 Jim Clark akawa bingwa wa dunia akiendesha gari la Lotus.

Mbali na huko, nchini New Zealand, mtoto aitwaye Bruce McLaren alikuwa ameugua nyonga na kulazwa kwa muda mrefu. Baba yake alikuwa na kituo cha petroli, na baada ya mtoto kupona, wawili hao waliitengeneza upya Austin Seven ya mwaka 1929, ambayo kijana alianza nayo mashindano. Mwaka 1963 aliunda timu inayobeba jina lake hata leo, ambayo magari yake yalijulikana kwa rangi ya papai.

Lakini ndugu msomaji, historia hiyo ina upande wa majonzi. Tarehe 2 Juni 1970, McLaren, akiwa na umri wa miaka 32, alikuwa akijaribu gari la timu yake katika uwanja wa Goodwood, Uingereza. Kipande cha bodi ya nyuma kikafunguka katika mwendo wa kasi. Hewa iliyokuwa ikiligandamiza gari chini ikakosa pa kushika. Gari likaacha njia, na dereva akafa. Hapo ndipo tunapofahamu kwamba umbo la gari la mbio si urembo. Kila mstari wa penseli hubeba uhai wa mtu atakayeketi ndani.

Rangi nazo zina kazi yake. Hapo zamani kila nchi ilikuwa na yake: Waingereza kijani, Waitalia nyekundu, Wafaransa buluu, ili watazamaji watambue gari kwa mbali. Mwaka 1968 Chapman alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuziacha rangi za taifa katika mashindano ya Formula One na kuvaa rangi za kampuni ya sigara iliyomlipa; tangu hapo gari likawa bango. Wasanii nao hawakubaki nyuma. Mwaka 1975 Hervé Poulain, dalali wa minada wa Ufaransa aliyependa kukimbiza magari, alimwomba msanii Alexander Calder ampakie rangi gari la BMW la mbio za Le Mans.

Katika mashindano yetu ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, baadhi ya magari yalipakwa boneti rangi nyeusi isiyong'aa, ili mwanga wa jua usirudi machoni mwa dereva. Rangi hiyo haikuchaguliwa kwa uzuri, bali kwa faida.

Basi mzazi unayemwona mwanao akijaza daftari kwa michoro ya magari, usiichane karatasi. Mnunulie rula na karatasi ya miraba, kisha mfundishe kipimo: sentimita moja iwe badala ya sentimita 20. Gari la mita 4 litachukua sentimita 20 karatasini, na gurudumu la sentimita 60 litachukua sentimita 3. Achore gari kwa ubavu, kwa mbele na kwa juu, na vipimo vyote vikubaliane. Amweke dereva kwanza, kisha injini, kisha tangi la mafuta. Bodi ifuate mwisho. Akimaliza, aunde mfano mdogo kwa waya na makopo, kama watoto wetu walivyozoea, halafu aupake rangi na namba, na asimame hatua 30 aone kama namba yasomeka.

Askari aliye fundi wa magari kikosini anaweza kumsaidia sana kijana wa namna hiyo, hata kwa saa moja ya Jumapili. Amwonyeshe jinsi breki zinavyoshika, na amwulize swali ambalo kila mbunifu apaswa kulijibu kabla ya kuchagua rangi: je, gari hili litasimamaje? Asiyeweza kulijibu, na arudi kwenye karatasi, ambako kosa hufutwa kwa kifutio na hakuna anayeumia.