Ukuta ukipasuka, fundi awe bado anakudai

Mkulima wa Mbulu au Hanang hujenga baada ya kuuza vitunguu saumu, ngano au mbaazi. Katesh wapo pia walioanza upya baada ya maporomoko ya tope ya Desemba 3, 2023. Fedha hizo hazirudi mara mbili, hivyo kazi mbovu ni hasara ya misimu kadhaa.

Andikishianeni mkataba mbele ya mashahidi. Sheria inayatambua hata makubaliano ya mdomo, lakini kuyathibitisha ni kazi. Lipa kwa awamu: msingi, lenta, paa, lipu. Bakiza asilimia 10 hadi masika yapite.

Kabla ya kulipa, kagua. Ukuta upimwe kwa timazi. Tofali za kuchoma zilowekwe kwanza, la sivyo zitanyonya maji ya mchanganyiko wa saruji na kuudhoofisha. Zege la lenta limwagiliwe siku saba au zaidi.

Ukikuta kasoro, usigombane. Piga picha, mwite fundi mwingine ashuhudie, kisha mwandikie mhusika ukimpa tarehe ya kurekebisha. Ukuta uliopinda ubomolewe kabla ya kupaua. Bati likishapanda, utalipia ukuta na paa.