Mfini wa Nairobi na chapa ambazo Eastleigh haijaziona

Mnamo Mei 1909, mchoraji wa Kifini aitwaye Akseli Gallen-Kallela alihamia Nairobi pamoja na mkewe Mary na watoto wao, Kirsti na Jorma. Alikuwa na umri wa miaka 44, na kwao jina lake lilikuwa limeshavuma. Ndiye aliyewachorea Wafini mashujaa wa Kalevala, utenzi wao wa taifa, na katika maonyesho ya dunia ya Paris ya mwaka 1900 ndiye aliyelipamba banda la nchi yake kwa picha za dari na ukuta. Finland wakati huo ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi. Kwa watu wake, kuuchora utenzi wa mababu kulikuwa sawa na kudai nchi.

Nairobi aliyoikuta ilikuwa na miaka kumi tu tangu reli ifike. Eastleigh haikuwapo. Mtaa huu tunaouita Isich, wenye maduka hadi orofa ya mwisho na akina mama wanaouza maziwa ya ngamia kando ya barabara, ulianzishwa na wakoloni mwaka 1921, walipokuwa wakiwagawia watu makazi kwa kuangalia rangi ya ngozi. Mchoraji huyo alipokuwa hapa, mwaka 1910, wapenzi wa elimu ya viumbe walifungua makumbusho madogo mjini, ambayo baadaye yalikua yakawa Makumbusho ya Taifa ya Nairobi. Gallen-Kallela na makumbusho yetu waliingia katika jiji hili karibu pamoja, lakini ukiwauliza wakazi wa Nairobi leo, ni wachache mno watakaolitambua jina lake.

Alichora sana akiwa huku: zaidi ya picha 150 za rangi ya mafuta, za milima, nyika na watu, kwa rangi kali ambazo hakuwa amewahi kuthubutu kuzitumia kwao. Pia alinunua vyombo na mapambo mengi ya Afrika Mashariki, akarudi navyo. Kati ya mwaka 1911 na 1913 alijijengea nyumba yenye karakana huko Tarvaspää, karibu na Helsinki, na nyumba hiyo ikafunguliwa kwa umma kuwa makumbusho mwaka 1961. Kitabu chake kuhusu Afrika kilichapishwa mwaka 1931, mwaka uleule aliofariki.

Hizo picha za rangi za Kenya ndizo huzungumzwa kila anapotajwa huku. Mimi nataka kuzungumzia kazi yake nyingine, kwa sababu naamini ndiyo inayotuhusu zaidi sisi wa Eastlands. Gallen-Kallela ni mmoja wa waasisi wa sanaa ya chapa nchini Finland, yaani sanaa ya kuchonga ubao au kuchora bamba la shaba, kupaka wino, kisha kuchapa kwenye karatasi.

Aliifikia kwa njia ya uchungu. Mapema mwaka 1895 alikuwa Berlin kwa ajili ya maonyesho ya pamoja na Edvard Munch, yule Mnorwe ambaye naye angekuja kuwa bingwa wa chapa. Mwezi Machi ikamfikia simu ya maandishi: binti yake mdogo, Marjatta, amefariki kwa dondakoo. Alirudi kwao. Baada ya msiba huo alijifunza uchapaji wa sanaa na kwenda London kuuongezea ujuzi. Katika mwaka huohuo alitoa chapa ya ubao aliyoiita Kuoleman kukka, yaani Ua la Mauti. Mtu anayetazama mstari wa chapa ile akijua kisa chake haoni tena zoezi la ufundi. Rangi ya mafuta inakuruhusu kufuta na kurudia. Ukiung'oa unyuzi wa mbao kwa patasi, haurudi, na nadhani mzazi aliyefiwa alikuwa na sababu zake za kuchagua kazi ya namna hiyo.

Ufundi wenyewe si mgumu kuueleza. Unachukua ubao laini, unauchora, kisha unachimba kila sehemu unayotaka ibaki nyeupe. Kilichobaki juu ndicho kitakachobeba wino. Unapitisha rola ya wino, unalaza karatasi, unakandamiza kwa mashine au unasugua kwa mgongo wa kijiko, unainua. Picha hutoka ikiwa imegeuka, kulia kuwa kushoto, kwa hiyo mchongaji hulazimika kufikiri kinyume tangu mwanzo. Akitaka rangi nne, mara nyingi huchonga na kuchapa mara nne, na rangi ya pili isipokaa sawasawa juu ya ya kwanza karatasi hiyo imeharibika. Mwisho wa kazi anakuwa na nakala kumi, ishirini, labda hamsini, zote halisi, kila moja ikiwa na nambari yake chini kwa penseli. Hakuna iliyo ya asili kuliko nyingine.

Hapo ndipo ninapoifikiria Eastleigh. Huu ni mtaa unaoelewa bidhaa inayotoka kwa wingi bila kupoteza thamani. Tazama kanga, ambazo tangu zamani Mombasa imezisambaza pande zote za pwani na bara, zile za Mali ya Abdulla zikiwa maarufu kuliko zote. Kanga ni chapa. Ina pindo, ina mji, ina maneno, inauzwa kwa jozi, na hakuna aliyewahi kusema kanga ya bibi yake si ya kweli kwa sababu jirani anayo kama hiyo. Watu wetu wamevaa sanaa ya chapa, wamejifunika, wamebebea watoto na kuzikia wapendwa wao. Lakini ikiwekwa kwenye karatasi na kutiwa kioo, tunaambiwa ni ya watu wa Muthaiga, kule kwa matajiri.

Wasanii wa kanda hii hawakungoja kuambiwa. Theresa Musoke wa Uganda, aliyesomea sanaa Makerere na baadaye kujifunza uchapaji katika Royal College of Art mjini London, aliishi Kenya kwa zaidi ya miaka ishirini, akichora na kufundisha, Chuo Kikuu cha Kenyatta kikiwa miongoni mwa alikofundisha. Mwaka 1995 Kuona Trust ilianza kazi ndani ya uwanja wa makumbusho ya Nairobi, ikawapa vijana wasio na karakana mahali pa kufanyia kazi. Peterson Kamwathi, aliyezaliwa mwaka 1980, alianza kujulikana kwa chapa za ubao kabla michoro yake mikubwa ya mkaa haijampeleka ughaibuni.

Kisha yupo Dennis Muraguri, na hapa nitakaa kidogo. Alizaliwa Naivasha mwaka 1980, akasomea Buruburu Institute of Fine Arts, hapahapa Eastlands. Amejitolea kuchonga matatu. Mbao zake ni kubwa, na kutoka humo hutoka magari yenye rangi zinazopiga kelele: taa, vioo, nyuso za wanamuziki ubavuni, makanga wakining'inia mlangoni. Kila neno lililoandikwa kwenye gari, jina lake, njia yake, majigambo yake, inabidi alichonge kinyumenyume ili karatasi ilisome sawasawa. Anayepanda nambari 6 au 9 kila asubuhi atajua mara moja kwamba mchongaji huyu ameyatazama magari hayo kwa heshima. Chapa hizi zimeonyeshwa na kununuliwa katika nchi za mbali. Ziko pia kwenye kumbi za sanaa za jiji, nyingi zikiwa upande wa magharibi na kaskazini, ambako abiria wa magari yale hapiti. Inaniuma kwamba watu waliotoa sura, lugha na mwendo wa picha hizi ndio wa mwisho kuziona.

Gallen-Kallela alitufanyia jambo linalofanana na hilo, ila lake lina uzito wa zama zake. Baadhi ya picha zake za watu wa huku zinaitwa kwa kabila tu: mwanamke Mkikuyu, mwanamume Mkamba. Aliyeketi mbele yake alikuwa na jina, ukoo na shamba, katika miaka ileile ambayo ardhi ya wenyeji ilikuwa ikigawiwa masetla. Sisemi hivi ili kumshusha. Jicho lake lilikuwa pevu na mkono wake ulikuwa mwaminifu kwa alichokiona. Nasema tu kwamba picha hizo, na vile vyombo alivyovichukua, ni sehemu ya kumbukumbu yetu iliyo mbali nasi, na mjukuu wa Mkamba yule ana haki ya kusimama mbele ya picha ya babu yake bila kuomba viza.

Kwa hiyo pendekezo langu ni maonyesho ya chapa ndani ya Eastleigh: kazi za Gallen-Kallela za miaka ya 1890 upande mmoja, chapa za Musoke, Kamwathi na Muraguri upande wa pili.

Wapo watakaosema mtaa huu si mahali pake, wakitaja dini. Ni hoja ya kujibiwa kwa adabu. Nyumba nyingi za Eastleigh ni za Waislamu, na familia nyingi hazitundiki sura ya binadamu ukutani. Lakini sanaa ya chapa ni pana. Ina majani, maji, maandishi, nakshi na mashine. Mchonga ubao angeshangaa kuona maumbo yanayochorwa kwa hina katika saluni za mtaa huu kabla ya harusi, maana mkono wa mchora hina unajua tayari kugawa nyeusi na nyeupe. Waandaaji wakishauriana na wazee na maimamu mapema, ukumbi wa kwanza unaweza kuwa wa nakshi, mandhari na magari, na sura za watu zikapewa chumba chao, aingie anayetaka.

Mahali pa kuonyeshea papo. Garissa Lodge, jengo ambalo wengi hulitaja kama mwanzo wa Eastleigh ya biashara tunayoijua, lilikuwa nyumba ya wageni. Baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka nchini Somalia mwaka 1991, Wasomali waliokimbia vita walikodi vyumba pale, wakalala humo usiku na kuuzia bidhaa humohumo mchana, mpaka vitanda vikaondoka na maduka yakabaki. Mtaa uliogeuza kitanda kuwa duka hauwezi kushindwa kukigeuza chumba kimoja cha orofa ya nne kuwa ukumbi wa picha. Kipo pia Kituo cha Utamaduni cha Awjama, chenye jina la mwanahistoria Msomali Aw Jama Omar Isse, ambako vijana tayari hukutana kwa ajili ya vitabu na mijadala.

Kazi za karatasi zina masharti yake. Hazitaki jua. Makumbusho mengi huziweka chini ya mwanga hafifu wa takriban laksi 50, kwa miezi michache, kisha huzirudisha gizani zipumzike. Zinahitaji kioo kizuri, hewa isiyo na unyevu mwingi, na mlinzi. Lakini kwa kuwa chapa moja ina nakala kadhaa duniani, kuiazima ni jambo jepesi kuliko kuazima turubai ambalo halina pacha.

Kando ya ukumbi iwekwe meza ya kuchonga. Mbao zipo Gikomba, umbali wa kutembea kwa miguu. Patasi zipo, wino upo, na kijiko kila nyumba inacho. Mashine ya kuchapia ni nzuri ikipatikana, ila wanafunzi wa shule za msingi za Eastleigh na Pumwani wanaweza kuanza bila hiyo, wakichonga majina yao kinyumenyume hadi yasomeke sawasawa kwenye karatasi.

Finland ina ubalozi Nairobi. Makumbusho ya Taifa yana wataalamu wa kuhifadhi karatasi. Wenye majumba ya biashara ya Eastleigh wana nafasi, na baadhi yao wana uwezo wa kulipia bima na usafiri bila kutikisika. Kinachokosekana ni barua ya kwanza ya kuwaomba Wafini, na mwenye jengo mmoja atakayesema chumba kipo.