Utafiti wa Majaribio juu ya Tabia za Watu: Mwamini Aupokeeje?



Tunduma ni mlango wa nchi yetu kuelekea Zambia. Kila siku hupita hapa madereva wa malori, wafanyabiashara na vijana watafutao riziki. Mahali pa namna hii huwavutia pia watafiti, wanaobisha hodi na kuuliza jinsi tunavyotumia fedha, tunavyolea watoto na tunavyoishi katika ndoa. Wapo wanaowakimbia kwa hofu, na wapo wanaokubali kila jambo bila kuuliza. Mkristo hapaswi kuwa miongoni mwa hao wala hawa.

Jaribio ni nini?

Utafiti wa kawaida huuliza na kutazama. Utafiti wa majaribio hubadili jambo fulani kwa makusudi, kisha hupima kama tabia za watu zimebadilika. Watu, vijiji au shule hugawanywa kwa kura katika makundi yanayofanana: kundi moja hupewa msaada, jingine halipewi, hatimaye yote hulinganishwa. Wataalamu wanaoiunga mkono njia hii wameunda mitandao yao. Mmojawapo ni J-PAL, ulioanzishwa mwaka 2003 katika chuo cha MIT, Marekani. Wawili kati ya waanzilishi wake, Abhijit Banerjee na Esther Duflo, pamoja na Michael Kremer, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019.

Hapa Tanzania njia hiyo ilitumiwa katika mpango wa KiuFunza, ulioendeshwa na Twaweza pamoja na watafiti wa vyuo vikuu mwaka 2013 na 2014. Shule za msingi 350 za serikali ziligawanywa kwa kura. Shule 70 zilipata ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi. Katika shule nyingine 70, walimu waliahidiwa motisha ya fedha kulingana na idadi ya watoto waliofaulu. Shule 70 zilipata vyote viwili, na shule 140 hazikupata kimojawapo. Baada ya miaka miwili ilionekana kwamba ruzuku peke yake haikuinua ufaulu, na motisha peke yake haikuleta matokeo thabiti; lakini vilipounganishwa, watoto walijifunza zaidi kwa kiwango kilichoonekana wazi. Bila jaribio hilo, wengi wangeendelea kuamini kwamba fedha za vifaa zatosha.

Je, ni haki wengine wakose?

Mzazi mwenye mtoto katika mojawapo ya zile shule 140 ana haki ya kuuliza swali hili. Kura si dhambi. Mitume wenyewe walipiga kura walipomchagua Mathia. Pale ambapo msaada hauwatoshi wote, na haijulikani bado kama unafaa, kura haimpendelei mtu. Lakini kumnyima mtu kitu kinachojulikana tayari kuwa ni cha lazima kwa uhai wake, ili tu atazamwe, ni dhuluma. Ndivyo walivyotendewa wanaume weusi maskini wa Tuskegee, Marekani, tangu mwaka 1932 hadi 1972: waliachwa wateseke kwa kaswende, wakidanganywa kwamba wanatibiwa, hata baada ya penisilini kupatikana.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2292 hadi 2295, inakiri kwamba majaribio ya kisayansi, ya kitabibu na ya kisaikolojia yanaweza kuwaletea watu mema. Lakini inafundisha kwamba sayansi ipo kwa ajili ya mwanadamu, na si mwanadamu kwa ajili ya sayansi. Jaribio lisimwingize mtu katika hatari isiyo na uwiano au inayoweza kuepukwa. Ni lazima aridhie baada ya kuelezwa, au waridhie wenye haki ya kusema kwa niaba yake, kama wazazi kwa mtoto wao. Zaidi ya hayo, ridhaa yenyewe haihalalishi tendo linalovunja hadhi ya binadamu.

Kwa hiyo, mtafiti akibisha hodi, tumkaribishe na kumwuliza: Umetumwa na nani? Kibali chako ki wapi? Utafanya nini na majibu yangu, na nani atayaona? Naweza kukataa, au kuacha katikati, bila kudhurika? Mtafiti mwema hatachukizwa na maswali haya. Tena, kipande cha sabuni au kilo ya sukari kisinunue ndiyo yetu. Viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo wanaweza kumtambulisha mgeni, lakini hawawezi kuridhia kwa niaba ya jirani zao.

Tukishiriki, tuseme kweli, kwa maana jibu la uongo laweza kumnyima msaada mtoto tusiyemjua. Tukikataa, tukatae kwa amani. Mungu aliyetuumba kwa mfano wake ametupa akili ya kuchunguza, na uhuru ambao hakuna utafiti unaoruhusiwa kuukanyaga.