Bahari hupimwaje pumzi? Safari ya hewa ya ukaa kati ya maji na anga

KILA baada ya saa tatu, usiku na mchana, boya lililotiwa nanga katika bahari kuu, kaskazini mwa kisiwa cha Oahu huko Hawaii, huvuta pumzi mbili. Ya kwanza hutoka katika maji yanayolizunguka, na ya pili hutoka katika hewa inayopita juu ya maji hayo. Kifaa kilichomo ndani ya boya hupima kiasi cha hewa ya ukaa, ambayo wanakemia huiita kabonidioksidi, katika kila pumzi, kisha matokeo hurushwa nchi kavu kwa njia ya setilaiti.

Boya hilo lilianza kazi hiyo mwaka 2004. Kinachotafutwa ni tofauti kati ya pumzi hizo mbili. Shinikizo la gesi likiwa kubwa zaidi katika hewa kuliko katika maji, bahari inameza. Likiwa kubwa zaidi majini, bahari inatema. Swali hilo linaloonekana dogo ndilo linaloamua ni kwa kasi gani dunia itaendelea kupata joto, kwa kuwa bahari humeza takriban robo ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu kila mwaka. Iwapo uwezo huo utapungua, sehemu kubwa zaidi ya moshi wa viwanda, magari na misitu inayochomwa itabaki angani.

Wapo waliowahi kuamini kwamba bahari ni kubwa kiasi cha kuumeza moshi wote bila shida. Mwaka 1957, wanasayansi Roger Revelle na Hans Suess wa Marekani walionyesha kwamba kemia ya maji ya chumvi haikubali jambo hilo kwa wepesi. Mwaka uliofuata, Charles David Keeling alianza kupima hewa ya ukaa juu ya mlima Mauna Loa, Hawaii, ambako alikuta takriban sehemu 315 katika kila sehemu milioni moja ya hewa. Mwezi Mei 2025, wastani wa mwezi mahali hapo ulivuka sehemu 430 kwa mara ya kwanza.

Kupima hewa ya mlimani ni kazi moja. Kupima gesi iliyoyeyuka katika maji ni kazi nyingine kabisa. Mtaalamu aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake katika kazi hiyo ya pili ni Taro Takahashi, mzaliwa wa Japani aliyefanya kazi Marekani, ambaye alianza kupima akiwa ndani ya meli ya utafiti Vema mnamo mwaka 1957. Ramani alizochora pamoja na wenzake, zikionyesha mahali bahari inapomeza na inapotema mwezi hadi mwezi, zilitumika kwa miaka mingi kama msingi wa hesabu za kaboni duniani. Takahashi alifariki dunia mwaka 2019.

Njia inayotumika melini ni rahisi kuieleza. Maji ya bahari huvutwa mfululizo kwa pampu kutoka mita chache chini ya uso wa bahari na kunyunyizwa ndani ya chombo kilichofungwa, mfano wa bomba la kuogea lililowekwa ndani ya pipa dogo. Matone yanapodondoka, gesi iliyomo ndani yake hubadilishana na hewa iliyomo kwenye pipa mpaka pande zote mbili zinapolingana. Baada ya hapo, hakuna haja ya kuyagusa maji tena: inatosha kuipima hewa ya ndani ya pipa, kwa sababu imekwisha kuchukua sura ya maji.

Katika boya hutumika kanuni hiyo hiyo kwa umbo jingine. Hewa kidogo huzungushwa kwa dakika kadhaa ikipita katika maji kama mapovu, kisha hupelekwa kwenye kifaa cha kupimia.

Kifaa chenyewe hutumia miale ya infraredi, ambayo jicho la binadamu haliioni. Hewa ya ukaa ina tabia ya kuifyonza miale hiyo, tabia ile ile inayoifanya izuie joto la dunia lisitoke. Miale ikipitishwa ndani ya mrija wenye hewa, kiasi kinachofika upande wa pili hueleza ni gesi kiasi gani imekutana nayo njiani. Mvuke wa maji nao hufyonza miale, kwa hiyo hewa hukaushwa kwanza, na unyevu unaosalia huondolewa kwa hesabu.

Kifaa cha aina hii huyumba kadiri siku zinavyopita. Ndiyo maana kila meli na kila boya hubeba mitungi ya hewa ambayo kiasi chake cha hewa ya ukaa kinajulikana kwa uhakika, na kifaa hulazimika kuipima hewa hiyo mara kwa mara ili kujisahihisha. Mitungi hiyo hulinganishwa na mitungi mingine, na hiyo na mingine tena, hadi kufikia kipimo kimoja cha kimataifa kinachotambuliwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani. Kama ilivyo sokoni, mizani miwili isiyotokana na jiwe moja haiwezi kumaliza ubishi.

Hewa ya juu ya bahari nayo ina vituko vyake. Meli ni kiwanda kinachotembea: ina dohani, ina jiko na ina mabaharia wanaopumua. Kwa sababu hiyo, mdomo wa mrija wa kuvutia hewa huwekwa omo, juu kadiri inavyowezekana, ili upokee upepo kabla haujaigusa meli. Upepo ukigeuka na kuvuma kutoka tezi, moshi wa dohani huingia katika mrija na vipimo vya saa hizo hutupwa.

Joto ndilo adui mkubwa zaidi. Soda iliyofunguliwa na kuachwa juani hupoteza gesi upesi kuliko iliyo katika barafu, na bahari hufuata kanuni hiyo hiyo. Takahashi na wenzake walikadiria kwamba shinikizo la hewa ya ukaa katika maji hupanda kwa takriban asilimia 4 kwa kila nyuzi moja ya Selisiasi. Maji yanayosafiri katika mabomba ya meli hadi kwenye chombo huweza kupata joto njiani, hivyo hulazimika kupimwa joto mahali pawili: yanapoingia melini na yanapofika chomboni. Uzito wa jambo hilo unaonekana pale inapokumbukwa kwamba, kwa wastani wa bahari zote, tofauti inayotafutwa kati ya maji na hewa ni asilimia chache tu. Kosa la nyuzi moja linatosha kuifanya bahari inayomeza ionekane kuwa inatema.

Tofauti hiyo ikishapatikana, bado upepo una neno lake. Bahari iliyotulia hubadilishana gesi na anga polepole. Bahari iliyochafuka hufanya hivyo kwa kasi kubwa. Kwa hiyo hesabu ya mwisho huhitaji pia kasi ya upepo, na hapo ndipo Bahari ya Hindi inapojitofautisha na bahari nyingine, kwani pepo zake hugeuka na misimu.

Kusi inapovuma kwa nguvu, kati ya Juni na Septemba, husukuma maji ya juu mbali na pwani ya Somalia na Oman, na mahali pake huibuka maji baridi kutoka kilindini. Maji hayo yamekaa gizani kwa muda mrefu, yakikusanya hewa ya ukaa kutokana na viumbe vinavyooza. Vipimo vya miaka ya 1990 katika Bahari ya Uarabuni vilikuta maeneo ambayo shinikizo lake lilizidi sehemu 500 kwa milioni, wakati la hewa ya juu yake lilikuwa kama 360. Hapo bahari hutema, tena ikisaidiwa na upepo mkali kuliko wa miezi mingine yote.

Ushelisheli pepo hizo zinaonekana kwa namna nyingine. Katika kisiwa cha Mahe, sampuli za hewa zimekuwa zikikusanywa katika chupa tangu mwaka 1980 na kupelekwa maabara Marekani. Wakati wa kaskazi, kisiwa hicho hupokea hewa iliyotoka nusu ya kaskazini ya dunia, yenye viwanda vingi na hewa ya ukaa nyingi zaidi. Wakati wa kusi, hupokea hewa safi zaidi ya bahari ya kusini. Kwa maneno mengine, kisiwa kimoja hupima nusu mbili za dunia bila kuondoka mahali pake. Jambo hilo mabaharia wa majahazi wangelielewa bila kuhitaji maabara.

Pamoja na hayo, upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi umebaki miongoni mwa maeneo yenye vipimo vichache. Sababu mojawapo si ya kisayansi hata kidogo. Uharamia uliposhamiri kutoka pwani ya Somalia, hasa kati ya mwaka 2008 na 2012, meli za utafiti zililikwepa eneo hilo. Mpango wa kimataifa wa kutandaza maboya 46 katika Bahari ya Hindi, ulioanza mwaka 2004 kwa ajili ya kupima upepo, mvua na joto la maji, ulikwama upande huo kwa muda mrefu. Boya la kupima hewa ya ukaa lilipotiwa nanga mwaka 2013, liliwekwa mbali mashariki, katika Ghuba ya Bengal.

Pengo si la Afrika Mashariki peke yake. Hazina ya kimataifa inayokusanya vipimo vya uso wa bahari, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2011, sasa ina vipimo zaidi ya milioni 35, lakini vingi vimetoka katika njia za meli za nusu ya kaskazini. Baada ya mwaka 2017, vipimo vipya vinavyoingia kila mwaka vilianza kupungua. Mwaka 2025, serikali ya Marekani, ambayo imekuwa ikigharimia sehemu kubwa ya kazi hii, ilipeleka bungeni pendekezo la bajeti la kuondoa fedha za maabara za utafiti zinazohusika.

Kwa wakazi wa pwani, takwimu hizo zina sura nyingine pia. Gesi inayomezwa haipotei. Huungana na maji na kufanya tindikali hafifu. Tangu kuanza kwa zama za viwanda, kipimo cha pH cha uso wa bahari kimeshuka kutoka takriban 8.2 hadi 8.1. Mabadiliko hayo yanaonekana madogo kwa sababu ya namna kipimo hicho kilivyopangwa, lakini yana maana ya ongezeko la tindikali la takriban asilimia 30. Matumbawe na chaza hujenga miili yao kwa chokaa, na kadiri maji yanavyosogea upande wa tindikali ndivyo ujenzi huo unavyozidi kuwa mgumu. Wavuvi wanaotegemea miamba ya matumbawe kama mazalia ya samaki ndio watakaolitambua hilo mapema.

Vyombo vipya vimeanza kuziba baadhi ya mapengo. Mwaka 2019, chombo kisicho na nahodha, kinachosukumwa na upepo na kutumia umeme wa jua kwa vifaa vyake, kiliizunguka Antaktika kwa siku 196 kikipima hewa ya ukaa katika bahari ambayo meli huiogopa wakati wa baridi. Mashua za mashindano ya kuzunguka dunia nazo zimewahi kubebeshwa vipimo. Yapo pia maboya yanayozama na kuibuka yenyewe, lakini mengi ya hayo hayapimi gesi moja kwa moja. Hupima pH, kisha hewa ya ukaa hukadiriwa kwa hesabu. Ili kujua kama makadirio hayo ni ya kweli, bado inahitajika meli ipite jirani, ikiwa na pipa lake, kipimajoto na mitungi ya hewa inayojulikana.